“Kwangu inafunguka” si jibu

Mzazi anaandika kwamba fomu ya kujiunga kidato cha kwanza haipakuliki. Mwalimu aliyekabidhiwa tovuti ya shule anabonyeza kiungo kwenye kompyuta ya ofisini, fomu inatokea, naye anajibu: “Mzazi, kwangu inafunguka, angalia bando lako.” Mzazi anaongeza bando. Fomu bado inakataa. Nimeletewa tena kisa hikihiki wiki hii, kutoka shule nyingine kabisa, na uvumilivu umeniishia. Wanaoumia ni watu waliopanda daladala hadi stesheneri wakiwa na hela ya kuchapa, wakarudi mikono mitupu, kisha wakaambiwa tatizo ni simu zao.

Kompyuta yako wewe uliyepandisha faili ndiyo shahidi mbaya kuliko wote. Kivinjari chake kimeshalihifadhi faili kwenye kashe, yaani hifadhi ya muda ya nakala za vilivyokwisha kufunguliwa. Umeingia kama msimamizi wa tovuti. Umeingia Google kwa barua pepe ileile inayomiliki hati. Pengine faili lenyewe limo humohumo kwenye diski. Lolote kati ya hayo linatosha kukifanya kiungo kibovu kionekane kizima. Chukua simu, zima Wi-Fi ya ofisi, tumia data, fungua dirisha fiche (incognito), nenda kwenye ukurasa ule anaoupitia mzazi, bonyeza. Kama hujafanya hivyo, hujajaribu.

Mawili ya haraka, maana yanajieleza. Kiungo kikianza na `file:///C:/Users/`, umenakili anwani ya diski yako, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye diski hiyo. Na kama fomu iko Google Drive, fungua sehemu ya kushiriki uone kama imewekwa “mtu yeyote mwenye kiungo”. Bila hivyo mzazi anaombwa kuingia kwenye akaunti, kisha anaambiwa aombe ruhusa kwako. Wewe mwenyewe hutaliona dirisha hilo hata siku moja, kwa kuwa hati ni yako.

Majina ya faili ndiyo yanayokula muda wangu. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, kwake `Fomu.PDF` na `fomu.pdf` ni kitu kimoja. Seva nyingi za kukodi zinaendeshwa kwa Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Ndiyo maana tovuti iliyotengenezwa na kujaribiwa kwenye kompyuta ya Windows inakwenda vizuri kabisa, halafu ikihamishiwa kwenye seva nusu ya viungo vinatoa 404, yaani “hakipatikani”. Zipo skena zinazoandika `.PDF` kwa herufi kubwa, na Windows yenyewe, ukiiacha ilivyokuja, huficha mkia huo wa jina, kwa hiyo hata ukikodoa macho huoni tofauti. Ufichaji huohuo unazaa balaa jingine: mtu anabadilisha jina la faili, anaandika `fomu.pdf` kwa mkono, Windows inabakiza mkia wake uliofichwa, na faili linapanda kwenye seva likiitwa `fomu.pdf.pdf`. Msimamizi anaapa kwamba jina ni sahihi. Kwa anachokiona, ni sahihi.

Na nafasi kati ya maneno. Faili linaitwa `FOMU YA KUJIUNGA 2025 mpya (final).pdf`. Kwenye anwani kila nafasi inatakiwa iwe `%20`. Vivinjari husahihisha vyenyewe mara nyingi, kwa hiyo kwenye ukurasa kiungo kinafanya kazi. Kisha mtu anaiandika anwani hiyo kwa mkono kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nayo inakatwa pale nafasi ya kwanza inapoanza, na wazazi wote wanabonyeza kipande. Herufi ndogo, tarakimu, kistari. Hakuna kingine kinachohitajika kwenye jina la faili.

Sasa lile linaloniudhi kweli: “Basi ngoja nipandishe upya.” Kupandisha upya hakutibu kiungo. Kiungo ni anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa, na haibadiliki kwa sababu umeweka nakala nyingine mahali pengine. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, usipogusa mipangilio yake, huweka mafaili kwenye folda za mwaka na mwezi. Fomu uliyopandisha Novemba ipo `/wp-content/uploads/2024/11/fomu.pdf`. Ukiipandisha tena Desemba inakwenda `/2024/12/`. Ukiipandisha mara mbili mwezi uleule, ya pili inapewa jina `fomu-1.pdf`. Ukurasa unaendelea kuelekeza kulekule kwa zamani. Baada ya misimu miwili shule ina fomu nne hewani, mojawapo ina ada ya zamani na namba ya akaunti ya benki iliyokwisha kufungwa, na mzazi anayeanzia Google anaweza kuletewa hiyohiyo. Ukitaka kuona hali ya tovuti yako, fungua maktaba ya mafaili kwenye dashibodi uandike neno “fomu” kwenye kisanduku cha kutafuta. Fanya kabla hujapandisha chochote.

Seva hujibu kila ombi kwa namba. 404 maana yake seva haina kitu chenye jina hilo mahali hapo, basi shughulika na jina na folda. 403 mara nyingi maana yake faili lipo ila umekatazwa, basi tazama ruhusa: kwenye seva ya kawaida namba ya ruhusa kwa mafaili huwa 644 na kwa folda 755. Usifike 777 hata ukishauriwa. Hiyo inamruhusu kila mtumiaji wa seva hiyo kuandika humo. Hayo mawili angalau yanasema ukweli.

Linalopoteza watu ni 200, yaani “sawa”, inayotolewa wakati hakuna kilicho sawa. Mzazi anabonyeza, faili linashuka, analifungua, programu inasema faili limeharibika. Ofisini wanamwambia aweke programu nyingine ya kusomea PDF. Ameweka, bado. Kabla hujamsumbua zaidi, tazama ukubwa wa alichopakua. Fomu iliyoskeniwa ya kurasa kadhaa haiwezi kuwa na KB 6. Lifungue faili hilo kwa Notepad usome mwanzo wake. PDF halisi huanza na `%PDF-` ikifuatiwa na namba ya toleo, kwa mfano `%PDF-1.7`. Hati ya Word ya `.docx` huanza na herufi `PK`, kwa sababu kwa ndani ni zip. Ukikuta `<!DOCTYPE html>`, mzazi hakupakua fomu hata kidogo. Alipakua ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa kwa jina la fomu: ukurasa wa kuingia kwenye akaunti, au ule wa “samahani, ulichotafuta hakipo” ambao seva iliusindikiza na 200. Programu za kukagua viungo vilivyokufa zinapita hapo na kutia alama ya vema, kwa kuwa nyingi zinatazama namba tu.

Kuthibitisha ni mstari mmoja. Windows 10 inakuja tangu 2018 na curl, programu ndogo ya kuomba anwani za wavuti kwa amri ya maandishi. Kwenye PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika `curl.exe`, maana `curl` tupu huko, kwenye toleo linalokuja na Windows, ni jina la kifupi la amri nyingine.

`curl.exe -I https://anwani-ya-tovuti/nyaraka/fomu.pdf`

Utarudishiwa mistari kadhaa, nayo miwili ndiyo unayoihitaji:

`HTTP/1.1 200 OK`
`content-type: text/html; charset=UTF-8`

Anwani inaishia na `.pdf`, seva inasema inatoa `text/html`. Ingetakiwa iwe `application/pdf`. Bando la mzazi halihusiki tena hapo.

Hata hivyo kipimo hiki nacho sikiamini mia kwa mia. `-I` huomba vichwa tu, yaani hiyo mistari ya maelezo, bila faili, na zipo seva na programu jalizi zinazojibu ombi la namna hiyo tofauti na zinavyomjibu mtu anayepakua kweli. Nimeona ombi la vichwa likikataliwa wakati faili linashuka bila shida. Matokeo yakiwa ya ajabu, lipakue lenyewe kwa `curl.exe -L -o jaribio.pdf` ikifuatiwa na anwani, kisha rudi Notepad.

Lipo jambo ambalo bado sijalimaliza kichwani: fomu ya mwaka mpya ibaki na jina lilelile au ipewe jina jipya? Jina lilelile linalinda viungo vyote vilivyokwisha kusambaa. Lakini kama tovuti inapita Cloudflare, huduma inayokaa kati ya seva yako na wasomaji, PDF huhifadhiwa kwenye kashe yao bila wewe kuagiza, na kwa muda fulani wazazi wanaendelea kupata ada ya mwaka jana huku wewe ukiwa umeshabadilisha faili. Lazima uingie uifute anwani hiyo kwenye kashe, na ni nani ofisini atakumbuka? Jina lenye mwaka linakwepa hilo, ila linaviacha viungo vya zamani vikining’inia. Kwa sasa naegemea jina lenye mwaka, kwa sharti kwamba shule isambaze anwani ya ukurasa wa fomu badala ya anwani ya faili. Nakiri sharti hilo huvunjwa mara kwa mara, kwa sababu mtu hunakili alichokiona.

Kwa hiyo anwani ya zamani usiiache tupu. Kama seva inatumia programu ya Apache, ongeza mstari huu kwenye faili lake la mipangilio, `.htaccess`, ili anayebonyeza anwani ya zamani apelekwe kwenye ukurasa wa fomu:

`Redirect 301 /nyaraka/fomu-2024.pdf /fomu-za-kujiunga/`

Hakikisha folda ya `/nyaraka/` haina faili lako la kwanza bado limejificha kwa jina la herufi kubwa, kisha rudi kwenye simu, zima Wi-Fi, fungua dirisha fiche, ubonyeze kiungo cha mwaka jana.