"Wale Si Wanapokea Wanachama Tu?": Vyama vya Tasnia na Utafiti wa Mwanafunzi wa Habari

Wanafunzi wa uandishi wa habari hapa Arusha huniletea rasimu za utafiti wao nizipitie, na mimi huanza na majedwali. Wiki iliyopita nilisoma moja kuhusu matangazo ya biashara kwenye redio za mkoa huu. Namba zote zilitoka kwenye kurasa za mtandaoni zinazonukuliana zenyewe kwa zenyewe. Nikamuuliza binti aliyeiandika: wamiliki wa vyombo vya habari wana chama chao, wafanyabiashara wanaotangaza nao wana vyao, umewafikia? Akanijibu, "Mwalimu, wale si wanapokea wanachama tu?"

Hiyo ndiyo dhana ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na inawanyima vijana wetu mengi. Mwanafunzi haendi kuomba uanachama, anakwenda kuomba taarifa. Chama cha tasnia, yaani muungano wa watu au kampuni za kazi moja, kimeundwa ili kisikike serikalini, kwa wateja na kwa umma. Ripoti za mwaka, majarida, matamko, maoni yaliyopelekwa kwenye Kamati ya Bunge muswada unapojadiliwa: hayo yameandikwa ili yasomwe. Hata orodha ya wanachama peke yake ni mali. Ukitaka sampuli ya kampuni za utalii, utaipataje kwa kuhesabu mabango Barabara ya Sokoine?

Wengine wanadhani kwamba mwanafunzi wa habari anahusika na vyama vya habari pekee. Lakini redio inaendeshwa kwa fedha ya anayetangaza, na anayetangaza ana chama chake. Bahati yetu ni kwamba baadhi ya vyama hivyo viko hapa hapa mjini. TATO, chama cha kampuni zinazopokea na kuongoza watalii, kilianzishwa mwaka 1983 na makao yake ni Arusha. TAHA, chama cha wakulima na wafanyabiashara wa mboga, matunda na maua, nacho kipo hapa. Anayeandika kuhusu habari za utalii au za kilimo bila kusoma kilichoandikwa na watu hawa ameacha kisima uani akaenda kuchota mtoni.

Kuna pia kuchanganya majina. MOAT ni chama cha wamiliki wa vyombo vya habari, Jukwaa la Wahariri ni la wahariri, UTPC inaunganisha klabu za waandishi za mikoani. Baraza la Habari, lililoundwa mwaka 1995, ni chombo huru cha maadili, na TCRA ni mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano. Swali moja ukiwapelekea wote watano utapata majibu matano, kila mmoja akilitazama kutoka alipokaa. Ukiandika "wadau wa habari wanasema", umefuta tofauti ambayo ndiyo ilikuwa utafiti wenyewe.

Sasa nije kwenye dhana inayoniuma zaidi: kwamba namba ikitoka kwa chama kikubwa basi imeshahakikiwa, kazi yako ni kuinakili. Motion Picture Association of America, chama cha studio kubwa za filamu za Marekani, kiliwahi kulipia utafiti kuhusu wizi wa filamu. Matokeo ya mwaka 2005 yalidai kuwa asilimia 44 ya hasara ya studio hizo ndani ya Marekani ilisababishwa na wanafunzi wa vyuo. Namba hiyo ikatumika kushinikiza sheria ya kuvibana vyuo. Januari 2008 chama chenyewe kikakiri kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu, na asilimia sahihi ni kama 15. Watu wa vyuo wakasema hata 15 ni kubwa, maana wanafunzi wengi wanaishi nje ya chuo na hawatumii mtandao wa chuo. Fikiria ni tasnifu ngapi zilikuwa zimeshaibeba ile 44.

Na namba isiyo na kosa nayo inaweza kukupoteza usipouliza imehesabiwaje. Cheti cha platinamu cha RIAA, chama cha kampuni za muziki Marekani, mwanafunzi hukitafsiri kuwa "nakala milioni 1 zimeuzwa". Lakini tangu mwaka 2016, kusikilizwa mtandaoni mara 1,500 kunahesabiwa kuwa albamu moja. Isitoshe, cheti hicho hutolewa kampuni ikikiomba na kukilipia.

Ukishayasikia hayo usikimbilie upande wa pili ukasema vyama vyote ni waongo, tuviache. Maslahi ya chama nayo ni data: yanakuonyesha namba zake zinaweza kuegemea wapi. Mwaka 1914, huko Marekani, watangazaji wa biashara, mawakala wao na wachapishaji waliunda kwa pamoja Audit Bureau of Circulations, chombo cha kukagua idadi ya nakala zinazosambazwa, kwa sababu magazeti yalikuwa yakitaja idadi ya nakala wapendavyo. Kwa hiyo ukikuta chama kinachowaweka muuzaji na mnunuzi wa nafasi za matangazo meza moja, namba zake zina uzito tofauti na za chama cha muuzaji peke yake. Hili huliona mwanafunzi aliyesoma katiba ya chama kabla ya kusoma ripoti yake.

Kuhusu kutuma barua pepe moja na kusubiri, nitasema kwa ufupi: nenda mwenyewe. Beba barua ya utambulisho ya chuo yenye muhuri, omba ripoti za miaka ya nyuma ambazo hazijapandishwa mtandaoni, na uwe umeshasoma zilizopo.

Binti yule nimemrudishia rasimu yake. Pembeni ya jedwali la kwanza nimeandika kwa penseli: nani alihesabu, alihesabu nini, nani alilipia? Barua yake ya utambulisho inatoka Ijumaa.