Bronte ya Sisilia: Yasemwayo na Yaliyopo

Bronte ni mji mdogo wa wakulima katika kisiwa cha Sisilia, kwenye mteremko wa magharibi wa volkano ya Etna. Sifa yake imejengwa juu ya pistachio na jina la Admirali Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, na mambo yote mawili yamezushiwa mengi.

Wengi huamini kwamba aiskrimu ya pistachio ya Bronte hutambulika kwa ukijani wake mkali. Ni kweli kwamba ukibambua ganda utakuta punje ya kijani iliyovikwa ngozi ya zambarau, lakini punje hiyo ikishakaangwa, ikasagwa na kuchanganywa na maziwa, rangi hufifia na kuelekea hudhurungi. Aiskrimu inayong'aa kama jani changa la mgomba ni ya kutiliwa shaka.

Wapo pia wanaodhani kwamba mavuno hupatikana kila mwaka. Wakulima wa Bronte huvuna miaka ya witiri, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, na mwaka unaofuata huyatoa machipukizi kwa mkono ili mti upumzike na kukusanya nguvu. Kuvuna nako ni kwa mkono, kwa sababu miti imeota katika nyufa za lava iliyoganda, mahali ambapo trekta haliwezi kupita. Mpistachio hubebeshwa juu ya shina la mti wa mwituni ambao wenyeji huuita spaccasassi, yaani mpasua mawe, na aliyeona mizizi yake ikipenya kwenye mwamba mweusi hatauliza sababu ya jina hilo. Kwa ukoo ni ndugu wa mkorosho na mwembe, kwa hiyo mkulima wa Mtwara asiuone mgeni kabisa.

Wageni wanaozuru Kasri la Nelson, lililo karibu na Maniace, huondoka wakiamini kwamba admirali huyo aliishi humo. Mfalme Ferdinand alimpa milki ya ardhi ya Bronte mwaka 1799 kwa kumrejeshea utawala wa Napoli, lakini Nelson aliuawa katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805 bila kuikanyaga Bronte. Jengo lenyewe lilianza kama abasia, yaani makao ya watawa, katika karne ya 12, na manispaa ililinunua kutoka kwa warithi mwaka 1981.

Dhana nzito kuliko zote ni kwamba ujio wa Garibaldi, kiongozi wa vita vya kuiunganisha Italia, mwaka 1860 uliwakomboa wakulima. Waliahidiwa ardhi, wakasubiri, na mwanzoni mwa Agosti wakaasi na kuua watu 16. Jenerali wake, Nino Bixio, alifika na kuizima ghasia hiyo, na baada ya kesi ya harakaharaka watu watano walipigwa risasi tarehe 10 Agosti. Miongoni mwao alikuwamo wakili Nicolò Lombardo, mtetezi wa wakulima, pamoja na mtu mmoja aliyejulikana mjini kuwa hana akili timamu. Ardhi waliyoipigania ilibaki mikononi mwa warithi wa Nelson.