"Alimwona kwa macho yake": tochi alishika nani?

Mtu mwingine akiniandikia "wakili, shahidi kamwona kwa macho yake, sasa mnatetea nini?", nazima simu. Safari hii ni kundi la WhatsApp la mtaani kwetu, baada ya kijana mmoja kuachiwa huru na Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Unyang'anyi wa kutumia silaha: dhamana hakuna, ukipatikana na hatia ni miaka 30. Hukumu hawajaisoma, ila wameshakubaliana kwamba jambazi kaponea kwenye ujanja wa mawakili.

Huo ujanja ni wa zamani kuliko wengi wenu. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa utambuzi wa kuona ni dhaifu mno, usimtie mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Usiku au mchana, na mwanga ulikuwaje? Aliwahi kumwona kabla? Ya gwaride la utambulisho, pale shahidi anapotakiwa kumchagua mtuhumiwa kwenye mstari wa watu, nayapita haraka: akishamkuta na pingu pale kaunta ya polisi, gwaride limekufa. Na kumnyooshea kidole kizimbani, alikosimama peke yake, hakuongezi kitu.

Kinachonikera ni hili la "lakini alikuwa anamfahamu".

Jalada la kawaida la Buza au Mbagala, hapa Dar es Salaam: usiku wa manane, mlango umevunjwa kwa jiwe la fatuma, shahidi wa kwanza anasema, "Nilimtambua kwa mwanga wa tochi, ni jirani yangu." Hapo watu wameridhika. Mimi nauliza tochi alishika nani. Ukisoma mwenendo wa kesi, mara nyingi kaishika jambazi, na kammulika shahidi usoni. Jaribu leo: zima taa, mwambie mwanao akumulike machoni na simu kutoka mlangoni, halafu uniambie kavaa shati gani. Ikitajwa "taa ya umeme" nayo, ilikuwa sebuleni au kibarazani? Ina mwanga kiasi gani? Hukumu nyingi zimefutwa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sikatai, kumtambua mtu unayemfahamu kuna uzito kuliko kumtambua mgeni. Ila majaji wa Uingereza walionya kwenye shauri la Turnbull, miaka ya 1970, kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki wa karibu, na majaji wetu wamelirudia onyo hilo. Wewe mwenyewe umeshamwita mtu kwa jina pale Kariakoo, akageuka, siye. Tena saa saba mchana, bila panga shingoni.

Halafu, jina lenyewe linapatikanaje? Majambazi wakiondoka, majirani wanajaa uani. "Kulikuwa na mmoja mrefu?" "Mtoto wa fulani si juzi tu katoka gereza la Segerea?" Kufika asubuhi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, shahidi ana jina. Hadanganyi. Akifika polisi analisema kwa uhakika zaidi, na akija kupanda kizimbani amelirudia mara nyingi kiasi kwamba sura anayoiona kichwani ni ya jirani kweli. Ndiyo maana shauri la Marwa Wangiti, nalo la Mahakama ya Rufani, linapima kama shahidi alimtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo. Na kuna majalada ambayo maelezo ya shahidi polisi hayana jina kabisa, jina linaibukia mahakamani, halafu hakimu anaandika "shahidi alijibu bila kusita". Kutosita kunaonyesha anajiamini, basi.

Huko North Carolina, Marekani, mwaka 1984, mwanafunzi aliyebakwa alimkazia macho mbakaji makusudi ili amkumbuke. Akamtambua Ronald Cotton kwenye picha, kwenye gwaride na mahakamani. Mbakaji halisi alipoletwa mbele yake mwaka 1987, alisema hajawahi kumwona. Vinasaba (DNA) vilimtoa Cotton mwaka 1995. Majalada yetu mengi ya unyang'anyi hayana damu wala mate ya kupima. Yana shahidi na tochi.

Nisichojua ni kama vigezo vya Waziri Amani bado vinachuja. Waendesha mashtaka wanavijua, na mashahidi wanaandaliwa. "Mita tatu, dakika kumi, taa kali, namfahamu tangu utoto": nakutana na sentensi hiyo kwenye majalada ya wilaya tofauti, karibu neno kwa neno, na hakuna aliyeshika futi wala saa. Na wapo wateja waliotoka kwa rufani ambao hadi leo sijui usiku ule walikuwa wapi. Mahakama haikusema hawakuwepo. Ilisema Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haikuthibitisha. Mwenye nyumba iliyovunjwa namwelewa akinuna.

Kwa hiyo ukivamiwa, mweleze askari ulichokiona na usichokiona kabla majirani hawajaanza kutaja majina, na hakikisha ameandika taa ilikuwa wapi. Habari za ujanja mniandikie mkishasoma hukumu. Zipo bure TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu.