Je, wajua? Kwa nini salvinia kubwa ilishindikana mpaka ilipotambuliwa sawasawa

Ukikuta utando wa kijani juu ya maji yaliyotulia, chuma jani moja ulitazame kwa karibu. Jani la salvinia, gugu linaloelea majini, halilowi, na juu yake limejaa vinyweleo. Kwa salvinia kubwa, kila kinyweleo hugawanyika matawi manne, kisha ncha hukutana tena, mithili ya kile kifaa cha kupigia mayai. Kinachoning'inia chini si mizizi, ingawa kinayadanganya macho ya wengi. Majani huota matatumatatu, na hilo ni la tatu, lililochanikachanika.

Mmea huu ni jamii ya kangaga, na ni tasa: spora zake, yaani chembe za uzazi, hazioti. Huenea kwa kukatika tu, kipande kimoja kikazaa bwawa zima. Ukisongamana, utando hufikia hata unene wa mita moja. Mwanga haupiti, mimea ya chini hufa, na mabaki yanapooza hula oksijeni ambayo samaki walikuwa wakiitegemea.

Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilianza kujaa mwishoni mwa 1958. Kufikia 1962 salvinia ilikuwa imefunika takribani kilomita za mraba 1,000, zaidi ya moja ya tano ya ziwa. Wataalamu waliiita Salvinia auriculata, na kosa hilo linaeleweka, maana ndugu huyo naye ana vinyweleo vilevile. Tofauti imo kwenye vifuko vya spora. Basi wadudu wa kuidhibiti walitafutwa kwa huyo ndugu, wakaletwa, wakashindwa kazi.

Mwaka 1972 mtaalamu wa mimea D. S. Mitchell aliitenga kuwa spishi nyingine, Salvinia molesta. Kwao asilia kulipatikana mwaka 1978, kusini-mashariki mwa Brazili, na huko akapatikana fukusi mdogo mweusi anayekula machipukizi, huku mabuu wake wakitoboa shina. Alipoachiwa katika Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, salvinia ilikuwa imeangamia kabla ya mwisho wa mwaka uliofuata.

Si kila mahali palikuwa rahisi hivyo. Mto Sepik, Papua New Guinea, salvinia ilikuwa na upungufu wa nitrojeni, na fukusi hawakuzaliana vizuri kwa chakula duni. Ilibidi gugu lenyewe litiliwe mbolea ya urea kwanza, linenepe, ndipo fukusi waongezeke na kulimaliza.