Nani anapewa dosie? Usawa ndani ya kabine ya maavoka Lubumbashi

Siku hizi kabine nyingi za maavoka (ofisi za mawakili) mjini Lubumbashi, Kongo, zina wanawake, zina vijana wa Kasai, wa Tanganyika na wa Lualaba, na picha ya pamoja iliyotundikwa mapokezi inapendeza macho. Picha haithibitishi kitu. Mwenye kutaka kujua kama kabine ina usawa aombe rejista ya dosie (mafaili ya kesi), aangalie majina ya waliosimama mbele ya jaji.

Rejista hiyo mara nyingi haipo, kwa hiyo kazi inaanza kwa kuichora. Safu sita zinatosha: namba ya dosie, aina ya kesi, aliyeandika maandishi ya utetezi, aliyesimama kwenye odiansi (kikao cha mahakama), aliyepeleka karatasi grefe (ofisi ya karani wa mahakama), na mgawo wa onoreri (malipo ya avoka). Jaza miezi mitatu iliyopita, kisha hesabu kila jina limetokea mara ngapi katika kila safu. Kinachoonekana huwa hiki: talaka, mirathi na malezi ya watoto vimeangukia kwa wanawake, mikataba ya migodi, kodi na biashara, kule kwenye pesa, wamebaki nayo wanaume wawili watatu wale wale. Na yuko kijana mmoja ambaye jina lake liko kwenye safu ya grefe peke yake, miezi yote mitatu.

Si lazima mtu awe amepanga njama. Dosie imeingia saa kumi jioni, muda wa kujibu unaisha kesho, patroni, yaani avoka mwenye kabine, anaita anayemzoea. Anayemzoea ni yule wanayesali pamoja, au anayesikia lugha ya kwao. Baada ya mwaka mmoja huyo ana ujuzi, wenzake hawana, na sasa patroni ana sababu nzuri kabisa ya kumpa tena.

Dawa ni majina mawili kwenye kila dosie kubwa: mmoja aliyekwisha kushika kesi ya namna hiyo na mmoja ambaye bado, na huyu wa pili lazima aandike angalau andiko moja na azungumze kwenye odiansi moja. Kubeba kartabu (mkoba wa karatasi) hakuhesabiwi. Marekani kuna utaratibu unaofanana na huo, ulioanza mwaka 2017 na kupewa jina la Arabella Mansfield, mwanamke aliyekubaliwa kuwa avoka Iowa mwaka 1869. Unadai kwamba angalau asilimia 30 ya majina yanayofikiriwa kwa vyeo watoke kwa wale waliokuwa wakisahauliwa. Hausemi nani achaguliwe. Unasema nani awekwe mezani. Kwa kabine ya watu sita asilimia hazina maana, majina mawili yanatosha.

Kuhusu kuajiri, mtihani utangulie jina. Hapa kwetu jina la ukoo peke yake linasema jimbo, hata kabla mtu hajafungua kinywa. Toa kesi ya kurasa mbili na dakika 90. Kila karatasi ipewe namba, orodha ya majina ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa sekretere. Wasahihishaji wawili watoe alama juu ya 20, kila mmoja peke yake. Tofauti ikizidi 4, wasome tena pamoja. Kosa la kawaida ni kufungua bahasha kabla alama hazijajumlishwa, "tuone tu". Kwenye mahojiano, maswali matano yale yale kwa wote. "Uko mtu wa wapi?" si mojawapo, wala "utaolewa lini?" Ukabila una sheria inayouadhibu tangu zamani, ordonansi-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966, na maavoka ndio wa mwisho wanaoweza kudai hawaijui.

Halafu kuna transpo, pesa ya nauli. Staji ya avoka, kipindi cha kujifunza kazi chini ya patroni, inachukua miaka miwili, kwa mujibu wa ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, na mastajieri wengi huishi kwa kile patroni anachotoa mfukoni mteja akilipa. Fanya hesabu ya mtu anayetoka Ruashi au Katuba: safari mbili kwa siku, nne kama anabadilisha basi, mara siku 22 za kazi, ongeza fotokopi. Kiasi kinachotolewa kisipofika hapo, kabine imekwisha kuchagua: atakayemaliza staji ni mtoto mwenye baba mjini. Weka kiasi kimoja kwa wote, kilipwe tarehe inayojulikana, na gharama za dosie zilipwe mbali. Pesa ya kupeana mkononi kwenye korido ndiyo inayozaa wapendwa.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni uzazi. Kodi ya Kazi (Code du travail, si kodi ya kulipa), sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mwanamke mwenye mkataba wa kazi wiki 14 za likizo ya uzazi kwa theluthi mbili za mshahara, na akirudi, mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha. Sekretere wa kabine analindwa na sheria hiyo. Avoka kijana anayekaa meza ya pili hana mkataba wa kazi, maana uavoka ni kazi huru. Akijifungua, hana kitu ila huruma. Kwa hiyo kabine iandike yenyewe katika kanuni zake za ndani: wiki zile zile 14, kiasi cha kila mwezi kinachoendelea, na hatima ya dosie zake. Hili la mwisho ndilo linalouma. Dosie ikikabidhiwa kwa mdomo, hairudi. Mteja amezoea sura mpya, onoreri zimefuata. Wiki tatu kabla ya kuondoka, iandikwe karatasi moja kwa kila dosie: imefikia wapi, tarehe ya odiansi inayofuata, karatasi zipi bado hazijapatikana, sehemu gani ya onoreri inabaki kwake, na siku gani inarudi mezani kwake. Wote wawili watie sahihi.

Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai tangu sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, lakini stajieri hanyamazi kwa kutojua sheria. Ananyamaza kwa sababu ripoti ya staji inaandikwa na patroni. Mlango wa malalamiko basi usiishie kwa patroni: wawepo watu wawili wa kupokea, mmoja mwanamke, mmoja wa nje ya kabine, na wakati lalamiko linachunguzwa ripoti iandikwe na avoka mwingine.

Watu wenye ulemavu wana sheria yao, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Kabine iliyo ghorofani bila lifti ihamishe chumba cha kupokelea wateja chini. Kizingiti cha sentimeta 15 kinahitaji mteremko wa sentimeta 180. Mfupi kuliko hapo, kiti cha magurudumu kinaweza kurudi nyuma. Kwa avoka asiyeona, karatasi zilizopigwa picha kwa simu hazisomeki na kompyuta yake. Zipitishwe kwenye programu inayogeuza picha kuwa maandishi, na betri ijazwe mapema, Snel, shirika la umeme, tunaijua.

Mwisho, mteja. Yuko anayeingia na kusema, "mnipe mwanaume", au "huyu si wa kwetu". Katiba, kifungu cha 19, inamwachia kila mtu kuchagua anayemtetea, kwa hiyo yuko huru kuondoka. Kabine nayo iko huru kutobadilisha. Patroni, si avoka mwenyewe, ndiye ajibu: "Dosie yako imeandaliwa na Maître huyu, anaijua kuliko mimi." Kisha akae kimya. Na kama mteja ni wa Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi) na Kifaransa kinamsumbua, mkataba wa onoreri usomwe kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu kabla hajashika kalamu, na aliyeusoma aandike jina lake pembeni.