“Tumekubaliana” haimwokoi mwajiri: dhana potofu kuhusu mishahara Marekani

Kazi yangu ni kufunga mahesabu ya biashara ndogo za watu wetu hapa Marekani: migahawa, maduka ya vyakula, kampuni za usafi. Neno ninalolisikia kuliko yote ni “tumekubaliana.” Tumekubaliana hakuna ovataimu. Tumekubaliana nimpe pesa kwa bahasha. Lakini sheria ya mishahara ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, ya mwaka 1938 haimruhusu mfanyakazi kuisamehe haki yake ya malipo, hata aweke saini mbele ya mashahidi.

“Wiki hii saa 50, wiki ijayo 30. Jumla 80, ovataimu haipo.”

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu malipo hutoka kila baada ya wiki mbili na macho huenda kwenye jumla. Sheria huhesabu kila wiki peke yake. Zikipita saa 40, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mpishi wa dola 15 kwa saa anadai dola 22.50 kwa kila moja ya zile saa 10. Ukimlipa saa zote 80 kwa bei moja, umebaki na dola zake 75.

Na akiwa na kazi mbili kwako? Saa 30 jikoni kwa dola 14, saa 20 za kupeleka chakula kwa dola 18. Mwajiri ni mmoja, basi wiki ni ya saa 50. Malipo ya kawaida ni dola 780. Gawa kwa 50, unapata 15.60. Saa zile 10 zimeshalipwa mara moja ndani ya 780, imebaki nusu tu: 7.80, zidisha kwa saa 10, unamwongezea dola 78.

Hiyo ni shirikisho tu. California, kwa kawaida, ukishapita saa 8 kwa siku moja tayari ni ovataimu, na ukipita 12 ni mara mbili.

“Kima cha chini ni dola 7.25.”

Hicho ni cha shirikisho, kwa saa, hakijasogea tangu Julai 2009, na Texas bado wanakifuata. Jimbo la Washington lilikuwa dola 16.66 mwaka 2025, na miji kama Seattle na Denver ina vima vyake. Vikigongana, unalipa kilicho kikubwa. Mhudumu wa meza huko Texas anaweza kulipwa dola 2.13 iwapo bakshishi zinamfikisha 7.25, California na Washington hawana ruhusa hiyo.

“Nimempa umeneja, sasa analipwa kwa mwezi.”

Cheo peke yake hakimwondolei ovataimu. Huangaliwa kazi anayoifanya kweli, na mshahara usiopungua dola 684 kwa wiki kwa kiwango cha shirikisho. Majimbo kadhaa yamepandisha zaidi. Meneja anayeshinda akikaanga sambusa ni mpishi.

“Ni mtoto wangu, hainihusu serikali.”

Hapa lugha yetu inatuponza. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Sheria ya shirikisho humlegezea mzazi masharti ya umri na saa kwa mtoto wake wa chini ya miaka 16, lakini biashara iwe ya wazazi peke yao. Umeingia ubia na shemeji? Msamaha umekwisha. Mpwa naye hahesabiki, isipokuwa uwe unamlea wewe badala ya wazazi wake. Jimbo nalo laweza kuwa kali zaidi.

Asiyekuwa na msamaha, akiwa na miaka 14 au 15, hafanyi zaidi ya saa 3 siku ya shule wala 18 katika wiki ya shule, na saa moja jioni awe ameshatoka. Kiangazi, kuanzia Juni 1 hadi Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi, mapema Septemba), anaweza kufika saa tatu usiku.

Na kuna ile mashine ya umeme ya kukatia nyama, yenye kisu cha duara, ambayo mwisho wa zamu huachiwa kijana aioshe. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuiendesha wala kuisafisha, awe wa kuzaa au wa kuajiri.

“Hana makaratasi, atanishtaki wapi?”

Hata bila vibali vya uhamiaji, saa alizofanya kazi anazidai kama mwingine yeyote. Anaweza kurudi nyuma miaka 2, au 3 ikionekana ulikusudia, na mara nyingi deni huongezwa maradufu.

“Nililipa taslimu, hakuna ushahidi.”

Kutunza kumbukumbu ni kazi ya mwajiri: za mishahara miaka 3, kadi za saa miaka 2. Tangu mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema kwamba mwajiri asipokuwa nazo, makadirio ya mfanyakazi yenye msingi yanatosha, na ni juu ya mwajiri kuyapinga. Kwa hiyo yule dada wa usafi anayeandika saa zake nyuma ya kalenda ya jikoni ana ushahidi. Mwenye bahasha hana.