Je, wajua kwa nini mwongozaji wa kipindi cha televisheni hutoa kila amri mara mbili?

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha udhibiti, kipindi kikiwa kinarushwa mubashara, hushangazwa na namna mwongozaji anavyozungumza. Akiwa ameyakodolea macho mafungu ya skrini yaliyo mbele yake, husema, "Kamera ya pili, jiandae," hunyamaza kidogo, ndipo aseme, "Kamera ya pili!" na picha hewani ikabadilika. Kwa nini asiseme mara moja yakaisha?

Jibu limo mikononi mwa watu. Huenda wakati huo mpiga picha wa kamera ya pili bado anaitafuta sura ya mgeni na kurekebisha lenzi, na akirushwa hewani ghafla, watazamaji wataona picha inayoyumba. Katika nchi nyingi televisheni huonyesha picha 25 kwa sekunde, hivyo nusu sekunde ya kusitasita ni picha 12 hivi zilizoharibika mbele ya kila mtu. Onyo linapotolewa, mpiga picha hutulia, anayebadilisha picha hutua kidole juu ya kitufe kinachohusika, na fundi sauti huwa tayari kufungua kipaza sauti cha mgeni. Kufikia hapo kila mmoja anajua la kufanya. Amri ya pili humwambia wakati tu. Katika ofisi nyingi mambo huwa kinyume, kwa kuwa mtu huambiwa kazi siku ileile inapotakiwa, kisha hulaumiwa kwa uzembe.

Mpangilio wa maneno nao una maana yake. Anayeitwa hutajwa kwanza, kazi hufuata, kwa sababu wote husikiliza kwa pamoja kupitia vifaa vya masikioni, na mwongozaji akianza na "sogea kushoto" bila kutaja kamera, wapiga picha watatu wanaweza kusogea kwa mpigo.

Lililo gumu zaidi kwa wakubwa, kwa maoni yangu, ni kunyamaza. Kwa kawaida mtayarishaji ndiye mwenye dhamana ya maudhui na bajeti, lakini kipindi kikiwa hewani hawaamrishi wapiga picha. Akiona kasoro, humnong'oneza mwongozaji, naye huamua. Sauti mbili zinazopishana masikioni mwa watu walewale huwakoroga, hata kama zote mbili zinasema kweli.

Huko studio yumo msimamizi anayepokea maagizo hayo na kuyageuza kuwa ishara za mikono. Mwongozaji anaweza kuwa anafoka, lakini mtangazaji haoni ila vidole vikihesabu polepole: vitano, vinne, vitatu. Hofu ya chumba cha udhibiti huishia kwa msimamizi huyo.

Na picha isiyo sahihi ikipita hewani? Mwongozaji huita kamera inayotakiwa na kuendelea, kwa kuwa aliyekaripiwa hutumia sekunde zinazofuata akiliwaza karipio, na picha inayofuata haimsubiri. Kosa hujadiliwa kipindi kikiisha, taa zikiwa zimezimwa, na mwongozaji mwadilifu huanza kwa kujiuliza mwenyewe kama alisema "jiandae".